Marceline Ngoie na Homa Iliyochelewa Kupata Jina

Mama Marceline Ngoie, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Kapolowe tarehe 14 Septemba 1983. Alikuwa mtoto wa kwanza wa hayati Papa Isidore, fundi wa umeme kwenye mitambo ya bwawa la Koni, na Mama Hélène, mkulima, ambaye tuko naye hapa.

Shule ya msingi aliisoma hukohuko Kapolowe. Akiwa darasa la tano aliugua koo, kisha viungo vikavimba, akakaa nyumbani muhula mzima. Alipopona, kila mtu alidhani yamekwisha. Kumbe ugonjwa ule ulikuwa umemwachia jeraha moyoni, na hilo lilijulikana baadaye sana. Sekondari aliimalizia Likasi, akapata diploma ya serikali mwaka 2003, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha darasa la kwanza hapa Kikula. Wengi wenu mlishikishwa kalamu naye.

Tarehe 9 Agosti 2008 alifunga ndoa na Damas, dereva wa malori. Walijaliwa watoto wawili, Laure na Divin.

Mwaka 2018 alianza kukosa pumzi, hata kwenda sokoni ikawa lazima asimame njiani. Vali moja ya moyo ilikuwa imeharibika. Parokia na ndugu walisaidiana, akapelekwa India, na Mei 2019 akawekewa vali ya bandia. Vali hiyo ililia kama saa. Siku ya kwanza aliporudi darasani, mtoto mmoja aliuliza, "Madame, saa yako tunaisikia, lakini ku mukono haiko. Iko wapi?"

"Iko mu kifua," akajibu. "Sasa munyamaze, yenyewe njo inafundisha leo."

Krismasi ya 2023 familia ilikwenda kwa Mama Hélène, Kapolowe. Mbuzi mmoja alishindwa kuzaa. Marceline alikunja mikono ya nguo, akamvuta mtoto wa mbuzi taratibu mpaka akatoka mzima. Damas alifurahi mno. Sikukuu nzima alimwita mke wake "Madame sage-femme", mkunga wa mbuzi, na yeye akawa anaitika.

Kuanzia Mei 2024 homa ikaanza kumwandama. Ilikuja ikaondoka, ikamtoa jasho, ikamkondesha. Alitibiwa malaria, akatibiwa tifoidi, kisha malaria tena. Hospitalini Lubumbashi damu yake iliwekwa kwenye chupa za maabara ili kuona kama kuna kijidudu kitakachoota. Hakikuota kitu. Wakachukua nyingine, nayo vilevile. Damas aliacha safari za mbali ili ampeleke na kumrudisha. Alituambia kwamba kuendesha gari anajua, lakini safari hizo hakujua anampeleka wapi.

Mwezi Novemba walimfikia daktari Idrissa. Huyo hakuanza na sindano, alianza na maswali.

"Mama, weye unafuga banyama?"

"Hapana, docteur. Mu Kikula nitafugia wapi?"

"Na kwenye unaendaka kutembea?"

"Kwa mama, Kapolowe. Iko na mbuzi." Akaitazama mikono yake. "Mbuzi moja ilishindwa kuzaa. Nilitoa mutoto yake na mikono yangu."

Damas akaingilia, "Docteur, ile mbuzi haikumuuma!"

"Haina lazima ya kuuma, papa. Kijidudu iko mu maji ya uzazi. Ikikauka, inakuwa mu vumbi, muntu anaivuta na pumzi."

Akawaeleza kwamba kijidudu hicho hujificha ndani ya chembe za mwili, ndiyo maana hakioti kwenye chupa. Mwenye moyo mzima anaweza kuugua siku chache akapona. Lakini kikipata vali ya bandia, hujishikiza hapo na kuila polepole. Kipimo chake hakikupatikana mkoani, ikabidi damu ipelekwe ng'ambo. Daktari hakungoja jibu, alimwanzishia dawa siku ileile. Njiani, Damas hakuweza tena kumwita mke wake lile jina la Krismasi.

Jibu lilifika katikati ya Januari 2025: homa ya Q. Daktari alipomsomea, Marceline alitabasamu kitandani. "Kumbe iko na jina," akasema.

Dawa zilikuwa zilezile alizokuwa anameza. Lakini vali ilikwisha kulegea, damu inavuja pembeni yake. Ilitakiwa ibadilishwe. Madaktari wa ng'ambo walitazama picha za moyo wake, wakasema mwili huo hautastahimili safari. Damas alimwuliza daktari Idrissa, "Basi minye nifanye nini?" Daktari alimshika mkono. Damas alibaki akimgeuzia mgonjwa mto, akimpepea, akimnywesha maji kwa kijiko. Marceline alituaga Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, asubuhi, wakati kanisani misa inaanza.

Ameacha mume wake Damas. Watoto wake Laure na Divin. Mdogo wake Chérie, anayewasomea maneno haya. Wanafunzi wake wa Kikula. Na mama yake, Hélène. Jana Mama Hélène alimgeukia Damas mbele yetu sote. "Mukwe wangu, ni mbuzi yangu njo ilimuua?" Damas aliinuka kwenye kiti, akaketi chini kwenye mkeka, bega kwa bega na mkwe wake, na hapo ndipo tulipowakuta leo asubuhi.

Mungu ampokee Marceline, ampumzishe kwa amani.