Matanga ya Kuzuia Ngazi

Benchi la Kisugu halina miguu. Ni ubao mnene uliolazwa juu ya matofali mbele ya lango la nyumba za kupanga, na anayekaa pembeni hasimami kabla ya kumtahadharisha mwenzake, la sivyo mtu huishia mtaroni na kikombe chake. Hapo ndipo Zuleika huuza kahawa ya tangawizi. Wateja wake wa kudumu ni Kamis, anayeitwa Afande kwa sababu babu yake alikuwa askari, ingawa yeye mwenyewe hajashika silaha zaidi ya usukani wa lori. Hippolyte, fundi cherehani kutoka Bukavu, aitwaye Wakili kwa kupenda sheria asizozisoma. Na Latif, muuza taa za kuchaji, ambaye mtaa umembandika jina la Giza. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na sasa imebaki manyunyu, baridi imeingia mpaka kwenye kucha, na mbele ya lango ulikuwa unawaka moto wa matanga.

Zuleika alijua kwamba hakuna aliyekufa.

Mwenye nyumba alikuwa amekusanya hela za stima kwa wapangaji akazila, na wakataji wa stima wakaja na ngazi yao. Katika chumba kilicho karibu na lango alilala mama yake Zuleika, Bi Rukiah, anayepumua kwa mashine ya oksijeni. Stima ikikatika, mashine inazimika. Mashine ikizimika, Bi Rukiah ni wa kuhesabiwa pumzi. Jirani yao Joska aliiona ngazi ikiteremka kutoka barabara kuu. Akaburuta magogo, akawasha moto, akajifunga kitenge kiunoni, akaketi chini. Mkubwa wa wakataji alipofika alivua kofia. Akauliza mazishi ni lini.

— Tunangoja mtu wa mbali, ssebo, — Joska alimjibu kwa heshima.

Wakasema watarudi baada ya mazishi. Tangu hapo majirani walileta kuni, wakaleta viti, wakampa Joska mkono wa pole. Na kwa kuwa kumhoji mfiwa ni utovu wa adabu, kila mmoja aliamini kwamba mwenzake anamjua marehemu. Zuleika alimimina kahawa na kunyamaza. Kama ukweli ungetoka benchini, ungeifikia ngazi kabla ya jua kutua.

Wakili ndiye aliyeanza. Alieleza kwamba ana binamu Kanada, na huko kuna sheria: miezi ya theluji, hakuna ruhusa kumkatia mtu stima, hata akiwa na deni la kufika kidevuni. Wanaogopa watu wataganda kitandani.

— Sisi theluji yetu iko wapi? — Afande aliuliza.

— Theluji yetu ni msiba. Hujaona? Wamekuja na ngazi, wamerudi na ngazi. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Basi kifo cha mmoja ni stima.

— Wahenga hawakusema hivyo, wewe Mkongo.

— Hawakuwa na stima, wangesema.

Giza alicheka, akaomba aongezewe kahawa. Yeye alishikilia kwamba sheria haimfuati maiti, inafuata moto. Maiti anaweza kuzikwa, ndugu wakatawanyika, lakini moto ukiwa hai, mkataji hana ruhusa kugusa waya. Ukizimika hata kwa mvua, anapanda. Alidai kuna nyumba Kabalagala wanachochea moto mpaka leo, na watoto waliozaliwa pale hawajui giza ni nini.

— Ndiyo maana hununui kuni za moto huu hapa, — Wakili alimchokoza. — Moto ukidumu, taa zako nani atanunua?

— Penye kuku wengi hapamwagwi mtama, — Giza alijibu kwa hasira, na hakuna aliyejua ana maana gani, pengine hata yeye.

Afande hakucheka. Alikuwa anautazama moto kama dereva anayesikia mlio asioupenda kwenye injini. Akaanza kusimulia, kwa sauti ya chini, habari aliyoipata kwa bibi yake. Bibi alisema moto wa matanga si moto wa kupikia. Umewashwa kwa ajili ya mtu, na huyo mtu ni lazima awepo. Usipomkuta, unamngoja. Ukichoka kungoja, unaanza kuchagua.

— Kuchagua wapi? — aliuliza Giza.

— Nyumba iliyo karibu. Moto hauna miguu, utaenda mbali namna gani?

— Afande, wacha kutisha watu, bambi, tafadhali.

— Sitishi mtu. Hapa maiti yuko, moto uko na mwenyewe. Mimi nasema tu kile bibi alisema.

Zuleika aligeuka kuutazama moto. Moshi, ambao tangu asubuhi ulikuwa unaelekea barabarani, ulikuwa umeinama na kuingia langoni, chini chini, sawa na mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Joska aliupepea kwa kipande cha boksi. Moshi ukampita.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mwenye mwavuli, akiruka madimbwi. Zuleika alimtambua: Hajati Jannat, muosha maiti wa kike wa msikiti wa jirani. Begi lake lilinukia kafuri. Alitoa salamu, akaitikiwa, akawapa pole ya msiba.

— Nimeitwa kuosha, — alisema. — Marehemu yuko chumba gani?

Afande alimtazama Wakili, Wakili akamtazama Giza, Giza akamtazama Joska. Joska alikuwa Mkatoliki. Watu wake wasingemwita Hajati Jannat. Waislamu wa nyumba zile walikuwa wawili tu, Bi Rukiah na huyu aliyeshika birika. Macho yote yakamgeukia.

— Nani amekuita, Hajati? — Zuleika aliuliza.

— Mwanamke, kwa simu. Hakutaja jina, mwanangu. Alikuwa anatua kuvuta pumzi kila baada ya neno, kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Nikamuuliza, nani wako amefariki? Akasema, moto umeshawashwa, njoo tu.

Joska aliinuka polepole kutoka chini. Hajati alikunja mwavuli wake, akawaangalia mmoja mmoja, watu wazima waliokaa matangani na kunywa kahawa.

— Sasa ni chumba gani?

Zuleika aliliweka birika chini akageukia lango. Pazia la chumba cha mama yake lilikuwa limejaa moshi. Nyuma ya pazia mashine ilikuwa inaunguruma vizuri kabisa, bila kukatika. Stima ilikuwepo tele. Alisimama akisikiliza kilicho chini ya ule mngurumo. Lakini mashine ile huunguruma vilevile, awepo wa kuvuta hewa yake, asiwepo.