Asubuhi Moja ya Matete: Risala ya Waanikaji wa Ndagala wa Kalundu

Mgeni wetu rasmi, Bwana Inspekta wa shule, kabla hamjakaa vizuri tuwaambie neno linalotembea huko mtaa wa Kimanga. Jirani yetu Mama Sidonie anasema mtumbwi ulifika Kalundu na beseni nne za sangala wachanga kama kidole, wanawake wote tukakataa kununua, tukageuka tukaangalia milima, mvuvi akalia. Ya kulia ameongeza. Mengine ni kweli.

Alimuuliza huyu anayewasomea risala hii: "Weye Feza, shirika gani inawalipa?"

"Hakuna, mama. Ni darasa la nne."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini ndivyo ilivyo. Karibuni sana.

TULIKOTOKA

Tulipokuwa darasa la nne, Mwalimu Havyarimana alimpa kila mtoto hatua kumi za matete ya ziwa azilinde. Kila siku ya tatu, yaani Jumatano, kabla ya kufungua daftari, unasema umeona nini pale: mayai, nyayo za kiboko, sandali moja. Ukisema "sijaona kitu", unarudishwa kuangalia tena. Ndipo tulipoona samaki wachanga wanavyojificha humo mpaka wakomae.

TUNAYOJIVUNIA

Tuko thelathini na mmoja. Kumi na tisa tulipita kwake. Mpaka leo, kabla ya kutandaza juani ndagala, dagaa wa ziwa letu, kila mmoja anasema ameona nini majini. Wengine walituchekelea, na sasa Yasmine, ambaye hakusoma kule, ndiye anayeona wa kwanza. Thierry mvuvi amehamisha wavu wake. Anasema: "Minye sipiti tena kwenye matete. Hawa bamama banahesabu hata vyura."

KINACHOTUSUMBUA

Mwalimu alistaafu, na watoto wetu hawatoki tena darasani. Mwezi wa tano tuliwapeleka kwenye matete sisi wenyewe. Mitumbwi ikaingia, tukakimbilia bei, tukawasahau. Mtoto wa mwenzetu Chadia alipoulizwa ameona nini, alijibu: "Nimeona mama anadanganya mvuvi." Chadia ameturuhusu tulisome.

OMBI LETU

Mwalimu Ornella, anayewafundisha sasa, yuko tayari kuwapeleka asubuhi moja kwa juma. Mkuu wa shule hakatai, ila anangoja sahihi yenu kwenye ratiba. Tumeileta, iko mezani mbele yenu, na kalamu juu yake.

Mungu awape afya, na njia ya kurudi isiwe na matope. Leo ni siku ya pili, Jumanne, Bwana Inspekta. Kesho asubuhi Mwalimu Ornella awatoe watoto?

Ni sisi,
Waanikaji wa Ndagala wa Kalundu