Mkono wa Kushoto Uliopigwa Picha Mara Mbili

Ndugu, jamaa na majirani mliotusimamia tangu juzi, familia imenipa kazi ya kuwasomea safari ya dada yetu, mimi mdogo wake, mtanivumilia pale sauti itakapogoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, wa kwanza kati yetu wawili, akaanza shule ya msingi mwaka 1975, na mwaka huo huo alinibana mlangoni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kikapona kikiwa kimepinda, akalia kuliko mimi niliyeumia. Baada ya sekondari alisomea kumbukumbu za matibabu, na tangu tarehe 2 Februari 1990 mpaka anastaafu aliketi hospitali ya rufaa, jirani na chumba cha eksirei, akisoma maelezo ya daktari na kuupa kila mvunjiko wa mkono namba yake, mfupa gani, upande gani, chanzo nini, ili bima ilipe. Majina hakuyaona, aliona mifupa, na sheria ya kazi ilikuwa moja, usiandike ambacho daktari hakuandika.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na fundi umeme wa hospitali hiyo, ambaye mwenyewe anakiri kwamba alikwenda kutengeneza taa isiyo na ubovu wowote, wakajaliwa binti na kijana, ambao mimi ni mama yao mdogo.

Mwezi Mei 2009 ilimfikia picha ya mkono wa kushoto, mfupa wa kiganja umevunjika, daktari ameandika mgonjwa aliteleza bafuni, naye akaweka namba ya kuanguka, akavuta faili lingine. Novemba ikaja nyingine, mfupa mwingine, bafu lile lile, na pembeni ule wa Mei umeunga vibaya, na safari hii akakitazama kidole cha mwisho, kile kilichopinda. Namba aliweka ile ile, sheria ni sheria, kisha akaomba ruhusa, akaja kwangu mchana kweupe, akamsalimia mume wangu, shemeji yake, kwa heshima zote, akanishika mkono wangu mzima, na hakuuachia mpaka tulipofika kwake. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chake ndicho kinachonifichua leo.

Wengi mlimwona ana mambo yake, kwa jinsi alivyoukawiza mkono wa salamu, hasa wa kina mama, akipapasa vifundo huku akiuliza habari za nyumbani. Ile picha ya Mei haikumwacha, aliiona dukani, kwenye foleni, kwenye kila mkono unaopokea chenji, akihofu kuwa huo nao ameuacha upite.

Alianza kuugua ini Agosti mwaka jana, na homa ilipopanda aliomba nimletee ile picha ya kwanza aitazame vizuri, nikimwambia nimepona, dada, siku nyingi, anaiomba tena. Aliaga dunia tarehe 9 mwezi huu, saa nane mchana, mkono wake ndani ya wangu wa kushoto, nami sikuuachia mpaka muuguzi aliponiomba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotupikia, na wenzake wa chumba cha kumbukumbu, ambao najua mmekuja na kazi bado ipo mezani.

Dada, karatasi hii nimeishika kwa mkono ule ule, tangu mwanzo hadi hapa, na haijadondoka. Izime ile picha sasa, upumzike kwa amani.