Dada Marcelina na Shahidi wa Kidahwe

Tarehe 30 Juni 2014 Dada Marcelina Telesphory anastaafu. Ametumika miaka ishirini na miwili kama msaidizi wa sheria kwenye ofisi yetu hapa Kigoma. Nimeombwa niandike mimi, dereva wake, na nimekubali kwa sababu kuna jambo wengi humu ofisini hamlijui.

Kwao ni Bangwe, kwa wauza dagaa. Cheti cha sheria cha chuo kikuu alikisoma akiwa mtu mzima, masomo yanakuja kwa posta, anasomea jikoni kwa mama yake. Mwalimu mmoja alimwandikia kwamba majibu ni mazuri ila karatasi zinanuka. Alicheka, akaendelea kusomea pale pale.

Miaka ile wakimbizi walikuwa wengi na msako mkali. Sisi Waha lugha yetu inasikilizana na ya Warundi, kwa hiyo ukikamatwa huna karatasi, lugha haikusaidii kuonyesha kwamba wewe si mkimbizi. Dada Marcelina alikuwa anazunguka vijijini na baiskeli akiuliza: kaburi la baba yake huyu alichimba nani? Kwetu wanaochimba ni majirani. Aliyechimba ndiye shahidi wake kwamba ni mzaliwa wa hapa.

Mwaka 1997 askari walimkamata Anatoli, jirani yangu wa Kidahwe, Muha wa kuzaliwa. Wakaniuliza mbele yake. Mke wangu Recho ni wa Burundi, na alikuwa amejificha ndani. Niliogopa nikimtetea wataingia na kwangu. Nikasema, "Simjui huyo."

Anatoli akasema, "We Feliksi, acha utani bwana."

Wakampakia kwenye lori, wakamvusha mpaka wa Burundi.

Wiki hiyo Dada Marcelina alikuwa na mtihani. Aliuacha, akaja Kidahwe na swali lake, na kila nyumba ikamwambia aliyechimba kaburi la baba yake Anatoli ni mimi. Nikawa namkimbia. Akija mbele, natokea nyuma. Nilipokubali kula kiapo, mahindi yalishavunwa. Ruhusa ya kumrudisha Anatoli ilitoka. Waliokwenda kumtafuta wakarudi na habari kwamba ameuawa siku nyingi.

Dada Marcelina akanipeleka kwa mama wa marehemu, Mama Veneranda. Mlangoni akaniambia, "Hapa mimi sisemi. Sema wewe." Nikasema. Tangu siku hiyo yule mama hajaitikia salamu yangu.

Mtihani aliurudia, akafaulu. Baadaye akaniombea kazi hapa. Sijawahi kuthubutu kumuuliza kwa nini. Amefundisha wasaidizi wa sheria karibu mkoa mzima, na njiani haishi kunisema: "Feliksi, umebeba mayai ya nani? Kanyaga mafuta!" Wapo watu wengi wanaolala kwao leo kwa ajili yake. Aliyekosekana ni kwa ajili yangu.

Dada, asante. Kila mwezi unakwenda kumwona Mama Veneranda. Atakayekaa kwenye kiti chako, naomba asiache kwenda. Nitamwendesha, na nitamsubiri garini.

Mungu akupe afya, Dada, na miaka mingi ya utulivu.