Mpaka wa Mtaa wa Corwin

Sogezeni viti, Roscoe na wewe Marvella, mzime hiyo televisheni, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kushindana na kelele. Daktari kasema wiki, mimi nasema siku. Nyinyi ndio watoto niliojaliwa, na kabla sijafumba mdomo nataka mjue mimi Cleophus Pettway nilikuwa mtu wa namna gani, msije mkanililia uongo kanisani.

Eneo bunge hili nililolisemea miaka ishirini na mbili katika bunge la jimbo, na ambalo wewe Marvella umelirithi, halikuwa letu. Babu yenu alipofika kutoka Alabama kuja kuyeyusha chuma, mtaa mzima wa Corwin ulikuwa wa Waslovaki, Wazungu waliotutangulia kiwandani. Walipoona sisi weusi tumenunua nyumba ya tatu wakaanza kufungasha mmoja mmoja, hata kuaga hawakuaga, wakahamia ng'ambo ya barabara kuu, wakatuachia kanisa, shule, na kiwanda kilichokuwa kinakata roho. Baadaye wakaja Waportoriko kule karibu na reli, tukagombana nao kwanza, kisha tukaoana. Sisi wote hatukuwa na mali. Tulikuwa na wingi wetu tu, na siku ya kura wingi ule ulitisha watu.

Mimi ndiye niliyeukata vipande.

Mnamkumbuka Shemasi Hosea Tarver, aliyekaa nyumba ya kuelekeana na yetu. Tulikua pamoja, tukayeyusha chuma pamoja, na uchaguzi wangu wa kwanza yeye ndiye aliyebisha kila mlango. Muhula wangu wa tatu akaja hapo barazani akaniambia, "Cleo, umenenepa kwa ahadi. Shule inavuja, wewe unakula minofu na wakubwa. Mwaka ujao nasimama mimi." Nilicheka, lakini nilijua atanishinda.

Mwaka huo sensa ilikuwa imekwisha na ramani ya maeneo bunge inachorwa upya. Marvella anaijua desturi: unaitwa peke yako kwenye chumba cha hoteli, kalamu na karatasi unaviacha mlangoni, unaoneshwa kipande chako tu, unatia sahihi, unatoka. Mchoraji akaniuliza kwa upole, kama kinyozi anayekuuliza habari za ndevu, "Mheshimiwa, kuna mtu ungependa akae nje?" Sheria hairuhusu asiyeishi ndani ya mpaka kusimama. Nikaweka kidole juu ya nyumba ya Hosea. Mpaka ukashuka katikati ya Corwin, na upande wote wa mashariki ukaenda naye, kanisa, shule, watu elfu kumi na moja, wakaunganishwa na wale wale waliotukimbia, ambako kura zao hazimtishi mtu. Niliona kwa macho yangu haya, na bado nikatia sahihi.

Jumapili yake nikasimama kanisani nikalia machozi, nikasema, "Wameninyang'anya watu wangu." Wakanishika mikono, wakaniombea, na aliyeomba kwa sauti kuliko wote ni Hosea. Kikulacho ki nguoni mwako, naye maskini hakuwahi kuzikung'uta. Shule ilipotakiwa kufungwa alikuja kuniomba nipige kelele bungeni, nikamjibu, "Shemasi, wewe si mpiga kura wangu." Akasema, "Najua, ndugu yangu, samahani kwa usumbufu." Shule ikafungwa. Amekufa ananishukuru kwa machozi yale. Hilo ndilo linaloniua, si hiki kifua.

Sasa sikieni ya leo. Renita, binti yake Hosea, amenunua nyumba upande wetu, mlango wa nne kutoka hapa, na ametangaza kwamba atasimama dhidi yako, Marvella. Ni mwalimu, ana ulimi, watu wanampenda. Ramani inachorwa tena, na kesho umeitwa hotelini. Usiinamishe kichwa, sijamaliza. Juzi ulipotoka, karani mpya wa wachoraji ramani alipiga hii simu ya mezani hapa kando yangu, akasema, "Ile nyumba mheshimiwa aliyotaka itolewe nje, nimesahau namba." Mtoto wa nyoka ni nyoka, na nyoka mwenyewe ni mimi.

Nikampa namba ya nyumba hii.

Akaandika, akashukuru. Roscoe, acha kucheka, si mchezo. Kesho utakuta mpaka umepinda kuizunguka nyumba hii tunayoishi, umekuweka mashariki pamoja na wale niliowatupa. Ukitaka usahihishwe, itabidi uitaje tena nyumba ya Renita kwa mdomo wako mwenyewe, na safari hii huwezi kusema hukujua matokeo yake.

Nyumba ni yako, Marvella, mradi ukae humu. Roscoe achukue gari, na zana zangu asimwazime mtu. Ibada ya maziko ifanyike kanisa la mashariki, na haya yote mwambieni Renita kabla jeneza halijafunikwa, aamue mwenyewe kama ataniimbia au atatoka nje. Msimzuie.

Maji... hapana, acha maji. Nipe mkono. Mungu awatunze, wanangu, awape majirani kama Hosea, na awanyime... awanyime moyo kama wangu. Marvella, niambie kabla sijalala. Kesho utawatajia namba gani?