Aliyefuma Kofia za Mwankoko: Wasifu wa Marehemu Ezekieli Mughenyi, 1920–1958

Wazee wetu, shikamooni. Padre, ndugu wa pande zote mbili, na majirani mlioacha mtama uwanjani mkaja kutuzikia, tunawaomba mkae, mnaoweza kukaa. Wasifu huu unasomwa na Simeoni, mdogo wake marehemu, lakini mengi yaliyomo yametoka kinywani mwa mjane, Luciana, na yamo kwa amri yake. Msomaji alijaribu kuyapunguza, akakatazwa.

Marehemu Ezekieli Mughenyi alizaliwa hapa Mwankoko tarehe 3 Mei 1920, kwa hesabu ya katekista, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Mughenyi Gwau na Mama Klara. Mwaka ule watu walikuwa ndiyo kwanza wanatoka kwenye njaa. Mama Klara alikuwa akisimulia kwamba mtoto alikuwa mdogo mno, hata nyanya yake alipomfunua kwenye nguo akauliza, "Haya, huyu ni mtoto au ni ahadi ya mtoto?" Alikua kwa maziwa ya mbuzi na ubishi. Alichunga ng'ombe kando ya ziwa Singidani kama watoto wote wa hapa.

Aliingia shule ya kigango mwaka 1930, akamaliza darasa la nne mwaka 1934. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Siku moja mwalimu alimkuta nyuma ya darasa anashona kaptula ya mwenzake iliyochanika, akamcharaza viboko vinne. Ezekieli akavipokea, kisha akaomba ruhusa ya kumaliza mshono, maana mwenzake alikuwa amekaa uchi anasubiri. Kushona alijifunza kwa babu yetu, mzee Gwau, aliyeshona ngozi walizovaa bibi zetu. Siku zile hakuna aliyeona ajabu mwanamume kushika sindano. Ajabu hiyo imekuja juzi juzi, pamoja na madarasa ya akina mama, nasi tukaipokea kama vile tulizaliwa nayo.

Mwezi Februari 1941 aliandikishwa keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa mbali, mwisho Burma. Mwaka 1944 risasi ilimvunja goti la kulia. Akalazwa miezi mingi katika hospitali ya askari Nairobi, na huko ndiko alikojifunza kazi yake. Alikuwapo mama mmoja wa Kizungu aliyezunguka vitandani na kikapu cha nyuzi za sufu, akiwafundisha majeruhi kufuma ili wasikae kuhesabu maumivu. Askari walimcheka. Baada ya wiki mbili walikuwa wanagombania nyuzi za rangi. Marehemu alirudi Singida mwaka 1946 akiwa na mguu usiokunjika, na mikono inayoweza kufuma soksi ya mtoto huku mwenyewe anazungumza nawe bila kuitazama.

Tarehe 14 Septemba 1946 alifunga ndoa na Luciana, binti wa Mama Yunisi wa Utemini. Walikaa katika nyumba hii ya tembe mnayoiona. Jembe lilimshinda mapema. Mguu ule ulimwangusha shambani mara nyingi, mpaka Luciana mwenyewe akamwambia, "Baba, utanilimia makaburi. Kaa." Akakaa. Akachonga sindano kutoka kwenye spoku za baiskeli mbovu, akanunua sufu kwenye duka la Mhindi mjini, akaanza kufuma chumba cha ndani, penye kitundu kimoja cha mwanga. Alikuwa na haya kidogo, kama mtu yeyote, lakini alisema akizoea atatoka nje na kikapu chake, anayetaka kucheka acheke.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa, maana hapa ndipo mjane alipotukataza kupunguza.

Mwezi Juni 1947, upepo ukivuma ule wa kwetu unaoijua mifupa kwa majina, Mama Yunisi alikuja kumwona binti yake aliyekuwa na mimba ya Anastazia, mtoto wao wa kwanza. Ezekieli alijificha chumba cha ndani, kama mkwe anavyopaswa. Hapa hakuna mgeni wa desturi hii: mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na kilichogusa mwili wa mmoja hakigusi mwili wa mwingine. Basi Mama Yunisi, masikio yakimuuma kwa baridi, akaona kofia ya kijivu imetundikwa ukutani. Kabla Luciana hajafungua mdomo, mama kaitwaa, kaivuta hadi masikioni.

"Ee! Mwanangu! Hii umefuma wewe?"

Luciana alifanyaje? Aseme kweli, mama yake ajue amevaa kichwani kitu kilichotoka mikononi mwa mkwewe, kilichokaa mapajani mwake siku tatu? Angeivua kama anayevua nyoka. Kungetafutwa kondoo wa kutakasa mwiko, wazee wangeitwa, na kijiji kingepata cha kusimulia hadi mavuno.

"Ndiyo, mama," akasema. "Nimefuma mimi."

Mama Yunisi aliondoka nayo. Ezekieli akatoka ndani, wakatazamana, wakacheka hadi machozi. Luciana anasema kicheko kile alikipenda, ndiyo maana hakuona kilikuwa kinawapeleka wapi.

Mnamjua Mama Yunisi, yupo pale kwa akina mama wa Utemini, na yeye mwenyewe hatakataa kwamba sauti yake haihitaji tarumbeta. Jumapili iliyofuata kanisa zima lilijua kwamba Luciana anafuma. Wakaja wenye wajukuu, wakaja wenye harusi, wakaja walimu. Kofia, soksi za wachanga, skafu, vitambaa vya meza vyenye pindo la maua. Ezekieli alifuma ndani, Luciana akapokea sifa mlangoni. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii yao ilikuwa ndefu, imekwenda miaka kumi na moja.

Mwaka 1953 Bibi Maendeleo, yule wa serikali anayezungukia vikundi vya akina mama, alimtaka Luciana awafundishe akina mama wenzake. Jamani! Ezekieli alimkalisha mchana kutwa kumfundisha, naye alishika sindano kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto. Darasa likaanza. Akina mama mliokuwamo mtakumbuka mlivyofundishwa kuanza mstari wa kwanza, na wiki iliyofuata kuanza mstari wa kwanza, na wiki ya tatu mwalimu akasema macho yanamuuma. Mwaka huohuo kwenye maonyesho ya bomani kitambaa chake kilitoka cha kwanza, na mke wa Bwana Shauri, yule Mzungu wa bomani, akampa mkono. Luciana anasema mkono ule ulikuwa laini, na kwamba siku ile, Mungu amsamehe, alisahau kabisa kuwa kazi haikuwa yake. Alitembea kutoka bomani hadi Mwankoko akiwa ameinua shingo. Alipofika akamkuta Ezekieli anapika uji wa watoto, ndipo akakumbuka.

Na Ezekieli je? Ezekieli tulimpa jina. Mwanamume asiyelima, asiyechunga, aliyejifungia ndani mchana mke akienda mnadani na kikapu, tungemwita nani? Tukamwita Mvivu. Watoto walimwimba. Mama Yunisi alisema hadharani, tena mara nyingi, "Binti yangu hakuolewa. Ameoa." Alisema hivyo akiwa na kofia ya kijivu kichwani.

Luciana aliyasikia yote hayo akanyamaza, akijiambia anamfichia mama yake aibu. Leo anataka ijulikane kwamba hiyo ilikuwa nusu tu ya sababu. Nusu nyingine ni kwamba sifa zilikuwa tamu.

Kuna jambo moja aliloomba lisemwe kama lilivyo. Mwezi Septemba 1955, kisimani, wanawake walimtania: "Mumeo anatoka lini ndani? Au anaatamia?" Wakaangua kicheko. Luciana naye akacheka, akaongeza lake: "Mwacheni huyo. Hata kuku anayeatamia huwa anashuka kunywa maji." Wakacheka zaidi. Alipogeuka akamwona Ezekieli amesimama na punda. Alikuwa amekuja, na mguu ule, kumsaidia kubeba maji.

Ezekieli aliwaamkia wanawake wote. Akapakia maji. Walipofika nyumbani akauliza tu habari za mtoto wao mdogo, "Sara amekunywa maziwa?" Kisha akaingia ndani kumaliza kofia ya mtoto wa mmoja wa wanawake walewale. Luciana alisimama mlangoni, akasema moyoni atamwomba radhi akishapika. Akapika. Akasema kesho. Kesho ikawa keshokutwa, na neno likazidi kuwa zito kila lilipokaa. Hakumwomba radhi kamwe. Anasema tangu siku ile, kila aliposifiwa, uso ulimwaka moto, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Mwezi Machi 1957 marehemu alianza kukohoa. Alitibiwa hospitali ya misheni mara mbili, akapata nafuu, kikohozi kikarudi na damu. Alifuma kitandani hadi wiki ya mwisho, mikono ikitetemeka, mishono ikienda kombo. Luciana akamwambia, "Baba Anastazia, niache niseme. Niende kwa mama nimwambie leo." Akamjibu, "Ngoja. Mama atalazimika kuvua kofia mbele za watu, na huu ni mwezi wa baridi. Nikifa utasema upendavyo, mimi na mama mkwe hatutakutana tena njiani." Akacheka, kikohozi kikamkatiza. Hata hapo, anasema Luciana, neno la kuomba radhi ya kisimani lilimfika ulimini, likarudi. Alifariki alfajiri ya Jumanne tarehe 8 Julai 1958, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane.

Jana familia ilikaa kuandaa wasifu huu. Kwenye kazi yake tuliandika hivi: "Kutokana na mguu, marehemu hakuwa na kazi maalumu." Tuliona tumemstahi. Luciana alikuwa amekaa kwenye mkeka, amefunikwa. Akafunua kichwa.

"Futeni hapo."

"Shemeji, tuandike nini basi?"

"Andikeni mfumaji. Mimi sijui kufuma. Sijawahi kujua."

Akaeleza yote. Baba yetu mdogo, Mzee Nkungu, ndiye aliyesema kwanza: "Binti, ya ndani yabaki ndani. Una mama. Una watoto. Marehemu haoni tena haya, lakini wewe utaishi hapa."

"Ndiyo maana nasema, baba," akajibu. "Nimeishi hapa na jina zuri lililokuwa lake, yeye akaishi na langu. Mnataka nimzike nalo?"

Tukamwambia amwulize mama yake kwanza, maana aibu ingempata yeye. Akaenda, akapiga magoti mbele yake katikati ya akina mama, akamweleza. Tulisubiri kusikia kelele. Mama Yunisi akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akaiangalia mshono kwa mshono kama anayeiona leo. Kichwa chake cheupe kilibaki wazi kwenye upepo.

"Umenivua nguo, mwanangu," akasema. "Lakini nguo zenyewe zilikuwa za kuazima." Akalia. Halafu akawaambia wazee: "Kama kuna kondoo wa kutolewa, nitamtoa mimi. Kofia haikuvunja mwiko wa mkwe. Mwiko niliuvunja mimi kwa ulimi, miaka yote hii. Na kesho msisome kwa kunong'ona. Nilimtukana kwa sauti, someni kwa sauti."

Basi tunasoma kwa sauti. Kazi ya marehemu Ezekieli Mughenyi ilikuwa kufuma. Kwa kazi hiyo alilisha nyumba yake na kuwasomesha watoto wake. Mama uliyembeba mtoto hapo nyuma, kofia hiyo aliyovaa mtoto wako ilifumwa na huyu tunayemzika. Mwalimu, skafu yako aliifuma yeye. Tuliokuwa tukipita mbele ya mlango huu tukiimba, wengi wetu tulikuwa tumevaa soksi alizotufumia, na wengi tungali nazo. Na Luciana anasema mbele yenu, kwa kuwa alichelewa kusema mbele yake: "Baba Anastazia, nilicheka kisimani. Nisamehe."

Marehemu ameacha mjane, Luciana; watoto watatu, Anastazia, Laurenti na Sara; mama yake mzazi, Mama Klara; ndugu yake, Simeoni; na mama mkwe wake, Mama Yunisi, aliyeomba jina lake lisomwe la mwisho, baada ya watoto.

Apumzike kwa amani Ezekieli, mfumaji wa Mwankoko. Leo jina la Mvivu tunalifukia pamoja na mwili wake, na siku ya ufufuo aamke yeye peke yake.