Mheshimiwa wa Semayang

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1946 katika nyumba ndefu ya familia nyingi ya Nanga Entaban, mto Semayang, Sarawak. Jina lake liko kwenye jalada la kijitabu hiki. Anayesoma ni mkwewe, Untan, na kwa mila yetu Waiban, mkwe hatamki jina la baba mkwe. Ilikuwa asome Mindu, binti wa marehemu, lakini tangu Alhamisi Mindu hajasema neno wala hajalia.

Alisoma shule ya misheni mjini Kapit, akawa mwalimu wa hesabu. Mwaka 1971 alimwoa Lulong, ambaye mwanzoni alimkataa akisema mwalimu yule anaongea mno.

Mwaka 1983 alichaguliwa kuingia Bunge la Jimbo. Mle mtu haitwi kwa jina, huitwa kwa eneo lake. Kwa mihula mitatu akawa Mheshimiwa wa Semayang, na kila kikao alidai daraja la Nanga Entaban.

"Mheshimiwa, leo tena daraja?" wenzake walimtania.

"Kwani mto umehama?"

Alishindwa mwaka 1996. Daraja lilijengwa baadaye, na kibao kikabeba jina la aliyemshinda. Lulong alinuna, akagoma kupita. Marehemu alitangulia, jogoo wake kwapani. "Mama Mindu, njoo bwana! Daraja lenyewe halijatuuliza majina."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2018. Hospitalini karani aliuliza jina la mgonjwa. Untan akageukia kitanda.

"Kaka, jina!"

"Ni baba mkwe wangu."

"Ina maana hulijui?"

"Nalijua sana."

Mgonjwa alicheka pale kitandani. "Dada, usimtese mtoto wa watu. Andika Semayang."

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2020, alfajiri. Tangu hapo wali unapikwa na kupoa bila kuliwa. Watu wanakaa tu.

Ameacha mjane, Lulong, binti mmoja, Mindu, mkwe na wajukuu wanne. Lulong anasema mtu haondoki kwao bila kuitwa kwa jina na damu yake, na yeye miaka yote alimwita Baba Mindu tu. Kwa hiyo Untan anaishia hapa, anakaa. Mstari wa mwisho Mindu aliuandika mwenyewe jana, na ni wake kuusoma. Kama sauti itachelewa, tafadhali mngojeni.

Ranggau mwana wa Jimbun. Baba. Vuka salama, upumzike kwa amani.